Mashine Zikichuma Chai: Ajira ya Kudumu Inaelekea Wapi?

Kila mwaka tarehe 1 Mei Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Papa Pio XII aliiweka sikukuu hiyo mwaka 1955, akaipanga siku ileile ambayo wafanyakazi wa nchi nyingi huandamana na mabango yao. Tangu hapo seremala wa Nazareti ana nafasi yake katika mazungumzo ya kazi, mishahara na haki.

Leo mazungumzo hayo yamepata jambo jipya. Katika parokia zetu wazazi wanauliza: mtoto asomee nini ili apate kazi ambayo mashine haitaichukua? Vijana waliomaliza chuo wanauliza kama kazi ya mkataba, mshahara wa mwisho wa mwezi na mafao ya uzeeni bado ipo, au imebaki katika masimulizi ya baba zao. Nao mafrateri wanaokwenda kwenye mwaka wa kichungaji wanauliza watawaambia nini watu waliopunguzwa kazini.

Katika makala hii tunaeleza mambo matatu: ajira ya kudumu ilitoka wapi, mitambo inayojiendesha inaifanyia nini hasa, na Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupatia mwanga gani. Mfano wetu mkuu ni mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya. Huko hatuhitaji kubashiri, maana jambo lenyewe limekwisha kutokea.

Ajira ya kudumu ilijengwa na watu

Tunaposema ajira ya kudumu tunamaanisha kazi ya wakati wote kwa mwajiri anayejulikana, yenye mkataba, mshahara, likizo, ruhusa ya ugonjwa na ya uzazi, na michango katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengi wetu tumelelewa tukiiona kuwa ndiyo kazi yenyewe, na nyingine zote ni za kusubiria. Historia ya Afrika Mashariki inasema vingine.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Neno kibarua maana yake ni barua ndogo. Hapo kale pwani, mtu aliyekodiwa kwa siku alipewa kikaratasi, na alipokirudisha alilipwa ujira wake. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la kikaratasi. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni, mfanyakazi alikuwa na kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi aliwekewa alama, na kadi ilipojaa ndipo alipopata mshahara. Hakuna aliyemuuliza atakula nini akiugua au akizeeka.

Bandarini Mombasa makuli waliokuwa wakipakua magunia walichukuliwa kwa siku. Meli ikija kuna kazi, isipokuja hakuna. Januari 1947 wafanyakazi wa mji huo waligoma kwa siku kadhaa, wa bandari pamoja na wa reli, wa hoteli na wa majumbani, na katika mgomo huo likazaliwa shirikisho la wafanyakazi lililoongozwa na Chege Kibachia. Katika miaka iliyofuata kazi ya bandari ikabadilishwa hatua kwa hatua. Makuli wakaandikishwa, na wengi wakapata kazi ya mwezi badala ya kazi ya siku.

Ulaya nako njia ilikuwa ndefu. Papa Leo XIII alipotoa Waraka wa *Rerum novarum* tarehe 15 Mei 1891, viwanda vilikuwa vimewafanya watu wengi kuwa maskini katikati ya utajiri mpya. Aliwatetea wafanyakazi wawe na haki ya kuungana, ya kupata mshahara wa kuwatosha kuishi, na ya kupumzika siku ya Bwana. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa kwanza kabisa, liliweka kikomo cha saa 8 za kazi viwandani kwa siku.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Kwanza, ajira ya kudumu haikuanguka kutoka mbinguni wala haikuletwa na mashine. Ililetwa na watu waliodai, waliojadiliana na waliotunga sheria. Pili, kwetu haikuwahi kuwafikia walio wengi. Takwimu za serikali ya Kenya, ambazo hazihesabu wakulima wadogo, zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wenye kazi wako katika sekta isiyo rasmi. Mama anayeuza mboga, fundi wa jua kali na dereva wa bodaboda hawana wa kuwaandikia barua ya kuwapunguza kazini, kwa kuwa hawakuwahi kuandikiwa ya kuwaajiri. Wale wachache wenye mkataba ndio mara nyingi wanaobeba ada za ukoo mzima. Mmoja akipoteza kazi, nyumba nyingi zinatikisika.

Mashine inachukua shughuli kwanza

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Frey na Michael Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya kazi za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Mwaka 2016 watafiti wengine walifanya hesabu upya kwa ajili ya shirika la OECD, wakiangalia nchi 21 zilizoendelea, wakapata wastani wa asilimia 9 tu.

Tofauti hiyo kubwa ilitokana na namna ya kuhesabu. Wale wa kwanza waliangalia kazi nzima: karani, dereva, mhasibu. Wale wa pili waliangalia shughuli zilizomo ndani ya kazi. Karani wa benki hahesabu fedha tu. Anamtuliza mteja aliyekasirika, anagundua saini iliyoghushiwa, anamweleza mzee masharti ya mkopo. Mashine inaweza kuchukua shughuli moja na kumwachia binadamu zilizobaki. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mara ni hili: shughuli ikishachukuliwa, yule aliyekuwa akiifanya anabaki na nini?

Tuchukue mfano ulio mfukoni mwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007. Kutuma na kupokea fedha, shughuli iliyokuwa ikifanywa na karani nyuma ya kioo cha benki, kwa sehemu kubwa imehamia kwenye simu na kwa wakala mwenye kibanda. Mamilioni ya watu wasiokuwa na akaunti walipata huduma ambayo benki hazikuwahi kuwafikishia kijijini, na hilo ni jema kubwa. Mawakala nao wamepata riziki. Lakini karani alikuwa na mkataba, likizo na pensheni. Wakala analipwa kwa kamisheni, na siku akilazwa hospitalini kibanda kimefungwa na kipato kimekatika. Kazi imebaki. Kilichopungua ni ule mwavuli uliokuwa juu yake.

Ndiyo sababu tunasema kwamba kuuliza tu "kazi ngapi zitapotea" hakutoshi. Mara nyingi shughuli inaendelea kufanywa na watu, lakini ajira iliyoifunika inavunjwavunjwa.

Yaliyotokea Kericho

Chai imelimwa kibiashara katika nyanda za Kericho tangu miaka ya 1920, na Kenya leo inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi. Kwa miongo mingi chai hiyo ilichumwa kwa vidole. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi, hujaza kiganja, hutupia kikapuni mgongoni, na baada ya siku chache hurudi kwenye kichaka kilekile. Majani hupimwa kwenye mizani, naye hulipwa kwa kilo. Katika mashamba makubwa ya kampuni, kazi hiyo ilikuja na mambo mengine: chumba cha kuishi katika kambi, zahanati, mara nyingi na shule ya watoto. Familia za kabila hili na lile zimezaliwa na kukulia kambini humo, na wengine hawana kwao kwingine wanakokujua vizuri.

Kisha zikaja mashine za kuchuma. Zipo ndogo, ambazo watu wachache huzishika huku na huku ya mstari wa chai na kuzipitisha juu ya vichaka, na zipo kubwa zinazoendeshwa. Kwa siku moja mashine hukata majani ambayo yangehitaji mikono ya makumi ya wachumaji. Mwaka 2010 wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma kuzipinga. Mgomo ukaisha, mashine zikaongezeka. Serikali ya kaunti ya Kericho iliunda kamati ya kuchunguza jambo hilo, na mwaka 2023 mjumbe wake mmoja alieleza kwamba kazi zipatazo 30,000 zilikuwa zimepotea katika kaunti hiyo kwa muda wa miaka kumi. Mwezi Mei mwaka huohuo hasira ikalipuka. Mashine kadhaa zilichomwa moto, watu na polisi wakajeruhiwa, na kuna aliyepoteza maisha.

Haki inatudai tusikilize pande zote. Wenye mashamba wanasema bei ya chai kwenye mnada wa Mombasa hawaipangi wao, gharama za uzalishaji zinapanda, na washindani wao katika nchi nyingine hawasubiri. Wanasema pia kwamba mwendesha mashine huchuma kilo nyingi zaidi. Hayo yana uzito, kwa sababu shamba lililofilisika halimwajiri mtu. Tena kuinama kutwa na kikapu mgongoni, kwenye mvua na umande, si kazi ya kuitamania. Mzazi mchumaji mwenyewe huomba mwanawe asiirithi.

Lakini tuangalie waliotoka shambani walibaki na nini. Wachumaji wengi walikuwa akina mama, na mashine zilipokuja waliowekwa kuziendesha mara nyingi walikuwa wanaume. Aliyepoteza kazi alipoteza na chumba, na kwa chumba akapoteza zahanati, majirani na mara nyingine shule. Baadhi walirudi kama vibarua wa msimu, kufanya kazi ileile pale pembeni ambapo mashine haifiki, bila mkataba wa zamani. Gharama iliyoondoka kwenye vitabu vya kampuni haikutoweka. Ilihamia kwa bibi kijijini, kwa jumuiya ndogondogo, kwa paroko anayebishiwa hodi usiku.

Historia ya Uingereza ina somo linalofanana na hili. Kati ya mwaka 1811 na 1816 mafundi wa nguo waliojiita wafuasi wa Ludd walivunja mashine za viwanda, na mwaka 1812 bunge la huko likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunjaji. Watu wamezoea kuwacheka kama wajinga waliochukia maendeleo. Kumbe wengi wao walikuwa mafundi hodari waliotumia mashine maisha yao yote. Walichopinga ni mashine kutumiwa kushusha ujira na kuwaweka vibarua wasiofundishwa mahali pao. Hatuungi mkono kuchoma mali wala kumwaga damu. Ila moto ukiwaka, mchungaji anapaswa kuuliza ni mlango upi wa mazungumzo uliokuwa umefungwa kabla yake.

Bosi asiyeonekana

Shambani mashine inaonekana na kusikika. Mjini mabadiliko huja kimya kimya kupitia simu. Dereva wa bodaboda au wa teksi anayepata abiria kwa programu hana msimamizi wa kumsalimia. Programu ndiyo inayompangia safari, inayopanga nauli na inayomfungia akaunti abiria wakimlalamikia. Kwa mujibu wa makubaliano aliyobofya, yeye si mwajiriwa, ni mshirika. Akianguka barabarani, mshirika anajitibia mwenyewe.

Hata akili unde, ambayo wengi wanadhani inajifunza yenyewe, ina mikono ya watu nyuma yake. Jijini Nairobi vijana wengi wenye elimu nzuri wamefanya kazi ya kusoma maandishi na kutazama picha, moja baada ya nyingine, na kuziwekea alama ili programu za makampuni ya ng'ambo zijue lipi ni lipi. Baadhi walilazimika kutazama ukatili na uchafu kutwa nzima kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa, kwa mikataba mifupi, na wengine wamekwenda mahakamani. Mashine iliyosemwa kwamba itamaliza kazi imezaa kazi mpya, nayo ni kibarua cha kisasa.

Kanisa linasema nini

Kanisa halijawahi kufundisha kwamba mashine ni dhambi. Wamonaki wa zama za kati walijenga vinu vya maji ili wapate muda wa kusali na kusoma. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wa *Laborem exercens* wa tarehe 14 Septemba 1981, anaieleza teknolojia kama rafiki wa mfanyakazi, kisha anaonya kwamba rafiki huyo anaweza kugeuka kuwa kama adui, pale inapomwondoa mtu kazini au kumfanya mtumwa wake.

Waraka huo unatupatia vipimo vitatu ambavyo kila mseminari anapaswa kuvijua kwa moyo. Kipimo cha kwanza: thamani ya kazi inatokana na mtu anayeifanya kabla ya kutokana na kile kinachozalishwa. Mchumaji chai na mhandisi wa mashine ya kuchuma wana hadhi moja. Kipimo cha pili: kazi ya binadamu ina kipaumbele juu ya mtaji, maana mtaji wenyewe, pamoja na mashine, ni tunda la kazi ya watu wa jana na leo. Anayesema mashine ni yangu peke yangu amesahau mikono mingi iliyoifikisha hapo. Kipimo cha tatu: mshahara unaomwezesha mtu kulea familia ndicho kipimo cha haki ya mfumo mzima wa uchumi. Papa anaongeza kwamba yupo mwajiri wa moja kwa moja na yupo asiye wa moja kwa moja. Huyo wa pili ni serikali, mashirika ya kimataifa na wote wanaoweka masharti ya soko. Kwa hiyo mnunuzi wa chai aliye London au Karachi naye yumo katika hesabu ya haki.

Papa Fransisko, katika *Laudato si'* ya mwaka 2015, alionya tusifanye maendeleo ya teknolojia yazidi kuchukua nafasi ya kazi ya watu, kwa sababu kazi ni njia ya mtu kukua na kujitoa kwa wengine. Papa Leo XIV, siku mbili tu baada ya kuchaguliwa tarehe 8 Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwamba alichagua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na swali la wafanyakazi wa zama zile, kwa kuwa leo akili unde inaleta changamoto mpya kwa utu, haki na kazi.

Hapa tunapenda kusahihisha jambo moja linalosikika mara nyingi mimbarini. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Neno zito hapo ni kutotaka. Paulo alikuwa anamkemea aliyekunja mikono kwa hiari, wala si yule aliyeamka alfajiri akakosa wa kumwajiri. Kwa huyu wa pili tunalo neno la Bwana mwenyewe katika Injili ya Mathayo, sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka mara tano kwa siku kutafuta watu. Saa kumi na moja anakuta wengine wamesimama sokoni, na anapowauliza sababu wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawaiti wavivu. Anawapeleka shambani, na jioni anawapa dinari moja, yaani ujira wa kutosha familia kwa siku. Mfano huo unahusu kwanza neema ya Ufalme wa Mungu. Lakini Yesu aliuchukua kutoka soko la vibarua alilolijua, na tajiri anayemsifu ni yule aliyekumbuka kwamba hata mtu wa saa ya mwisho ana watoto wanaomngoja.

Njia zinazojadiliwa

Mchumi wa Uingereza John Maynard Keynes aliandika mwaka 1930 kwamba baada ya miaka mia moja mashine zingezalisha kwa wingi hata watu wafanye kazi saa 15 tu kwa juma. Mwaka 2030 umekaribia. Uzalishaji umepanda sana kama alivyotazamia, lakini saa 15 hazijaja. Faida ya mashine haikugawanywa kama muda wa kupumzika kwa wote. Kwa wengine imekuwa utajiri, kwa wengine kukosa kazi, na kwa wengine kazi mbili tatu kwa siku.

Namna ya kugawana ndiyo inayojadiliwa sasa. Wapo wanaopendekeza kila raia apewe kiasi fulani cha fedha bila masharti. Magharibi mwa Kenya shirika la GiveDirectly limekuwa likijaribu jambo hilo vijijini, na baadhi ya vijiji viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Papa Fransisko mwenyewe, katika barua yake ya Pasaka ya 2020 kwa vyama vya wananchi, alisema huenda ni wakati wa kufikiria malipo ya msingi kwa wafanyakazi wasio na ulinzi wowote. Hata hivyo katika *Laudato si'* alikuwa amefundisha kwamba msaada wa fedha ni wa kukabili shida ya haraka, na lengo ni mtu aishi kwa heshima kwa kazi yake. Mafundisho hayo mawili hayapingani. Fedha humwokoa mtu asizame, lakini haimpi nafasi mezani.

Njia ya pili ni kuutenganisha mwavuli na mkataba, ili wakala, mama mboga na dereva wa bodaboda waweze kuchangia hifadhi ya jamii na bima ya afya kidogo kidogo kadiri wanavyopata. Mifuko ya hifadhi ya jamii ya Kenya na ya Tanzania imefungua milango kwa watu waliojiajiri. Wengi katika parokia zetu hawajui.

Njia ya tatu ni kuuliza mashine ni ya nani. Katika mashamba makubwa mashine ni ya kampuni. Lakini zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, ambao ni wenye hisa wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA. Muundo huo una matatizo yake na wakulima huyalalamikia kila mwaka. Hata hivyo unatuonyesha kanuni: mashine ikiwa ya ushirika, faida yake inarudi kwa wengi. Vijana kumi wenye SACCO wakinunua mashine ya kuvuna, mashine hiyo inawaajiri. Akinunua tajiri mmoja, huenda ikawafukuza wote kumi.

Tunaweza kuanzia wapi

Sheria zipo, na kuzijua ni tendo la huruma. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi anapaswa kutambuliwa kama mwajiriwa wa mkataba. Anayepunguzwa kazini anastahili taarifa ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu, na kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10. Kila parokia ina mwalimu, mwanasheria au kiongozi wa chama cha wafanyakazi anayeweza kuyaeleza hayo Jumapili moja baada ya Misa.

Halmashauri ya walei inaweza kujua ni familia zipi zimepoteza kazi, kama inavyojua zipi zina wagonjwa. Jumuiya ndogondogo zinaweza kuwaunganisha watu na SACCO na mifuko ya hifadhi. Wanaosimamia vyuo vya ufundi vya majimbo wanaweza kuhakikisha kwamba mafunzo ya kuendesha na kutengeneza mashine yanawafikia wasichana na akina mama, ili mashine inayowaondoa mlango huu iwaingize mlango ule.

Kisha yapo maswali ya nyumbani kwa Bwana. Kanisa ni mwajiri. Lina walimu, wauguzi, makatekista, wapishi, walinzi na watu wa shamba. Mpishi wa seminari ana mkataba? Mlinzi wa parokia anachangiwa mfuko wa uzeeni? Tukinunua mashine ya kukata nyasi au programu ya hesabu, tumekaa na yule aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla ya kumwambia? Mahubiri ya Mei Mosi yatasikilizwa na watu hao wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma.

Tunawaachia jumuiya na madarasa yetu maswali matatu ya kujadili. Katika eneo letu, ni shughuli ipi imechukuliwa na mashine au simu kwa miaka mitano iliyopita, na waliokuwa wakiifanya wako wapi leo? Faida iliyopatikana imekwenda kwa nani? Na jioni ikifika, nani katika parokia yetu bado amesimama sokoni akisubiri kuajiriwa, na nani atatoka kwenda kumwita?

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.